Kaa

Julai ya Elburgon haina adabu.
Inaingia bila hodi kwa nyufa za mbao,
inapanda godoro kabla yangu.
Nje, ukungu umemeza kiwanda cha mbao,
umemeza barabara, umemeza punda wa Kemunto;
kengele yake tu ndiyo inayopita.

Siku ya nne hii mvua haijatupa mwanya,
na mbwa, jamani, hasomi kalenda.
Mbwa anajua miguu minne na hamu.
Ameitafuna ndara ya kushoto,
kisha akaila na ya kulia
isije ikabaki mjane.

Anaitwa Karani. Miguu ya mbele ni myeupe
mpaka kwenye viwiko, kama mikono ya shati
la mtu wa ofisini.
Kakangu Sitienei alimwacha hapa Machi:
"Kaa naye wiki mbili tu, dada,
napanga mambo Nakuru."
Mambo gani hayo yasiyopangika
mimi sijui. Mahindi yamenifika kiunoni.

Basi nimegeuza chumba kuwa uwanja.
Futi kumi kwa kumi na mbili, na kitanda kimo.
Gunia la viazi ndilo mlima: panda, shuka, panda.
Benchi ni daraja; chini yake, handaki.
Mwiko wa ugali wa matanga
nimeulaza juu ya madebe mawili: ruka!
Anaruka. Anagonga. Debe linapiga yowe,
na kuku analijibu.

Kwani kuku naye yumo, kwenye katoni
kando ya jiko, na vifaranga saba
ambao baridi hii ingewamaliza.
Ndiyo sababu ya somo la leo.

Nina omena kumi na moja kiganjani.
"Kaa."
Anakaa. Omena moja.
"Kaa."
Narudi nyuma hatua, na hatua, mgongo unagusa mlango.
Mpaka niseme "haya," yeye si huru.
Anatetemeka kama kifuniko cha sufuria.
Na sufuria yenyewe inatokota, mfupa wa supu,
harufu imejaa hadi darini.
Mvua ya mawe inaanza kwenye mabati;
nasema, sauti yangu hainifikii hata mimi.
Naonyesha kiganja. Anakisoma.
Kaa la moto linaruka kutoka jikoni, pa!
Sikio moja linageuka.
Matako hayabanduki sakafuni.

Mara kifaranga, yule mweusi, yule mtundu,
anapanda ukingo wa katoni, anaanguka nje,
anajikung'uta kama mlevi aliyeonekana,
anakwenda moja kwa moja
hadi kwenye mguu mweupe,
anaona una joto,
anajibanza.

Karani ananitazama.
Udenda unashuka, uzi mmoja mrefu,
sijui ni wa supu, sijui ni wa nini,
unatua nusu shibiri kutoka kwa kichwa kile kidogo.
Sikumbuki kama nilipumua.

Na simu nayo ikachagua saa hiyo.
"Haki dada, nimekawia. Wiki ijayo
nakuja kumchukua. Mbwa yuko?"
"Anakaa," nikasema.
"Anakaa wapi?"
Nikatazama madebe yaliyopinduka,
viazi vilivyobingirika mpaka uvunguni,
kiganja changu bado hewani
kama cha askari wa barabarani.
"Hapa," nikamwambia. "Anakaa hapa."
Akanyamaza. Nyuma yake nikasikia
Nakuru yote ikipiga honi.
"Na ndara zako?" akauliza mwishowe,
maana anamjua.
"Zilikuwa kuukuu."

Mawe yamekoma. Matone ya mwisho
yanahesabiana kwenye mtaro.
Kifaranga amelala.
Karani hajanyanyua macho kutoka kwangu,
anangoja lile neno,
na mimi, na omena tatu zilizolowa jasho,
nimesimama mlangoni
nikilitafuta.